Kucha

Kwanza nilikatwa kucha.
Mama alizikata kwa mkasi wa kunyolea kondoo,
mkono wake wa kushoto ukitetemeka,
wa kulia ukiwa ndani ya plasta tangu pikipiki
ilipomtupa kwenye mawe ya kisimani.
Kucha moja iliruka, ikaangukia jiko la samadi,
ikanuka kama nywele.

"Osha hadi kiwiko. Tena. Sabuni si ya kunusa."

Baba alikuwa amewafuata farasi kusini,
siku ya pili sasa, ndani ya vumbi la manjano
ambalo kila mwezi wa tatu huitafuna Gobi
hadi mchana unageuka mchanga.
Nami nilikuwa likizo, nimetoka bweni,
miaka kumi na miwili,
nikiijua mito mikubwa ya dunia kwa majina
na sijui kitu.

Mbuzi alikuwa yule wa kijivu, pembe moja imevunjika,
mchokozi, mwizi wa nafaka,
ambaye sufu yake ya mwaka jana
ilininunulia viatu.
Chupa ilikuwa imepasuka tangu jioni.
Alisukuma, akalala, akainuka, akakwaruza ardhi
kana kwamba mtoto amezikwa pale
na kazi ni kufukua.
Ukwato mmoja ulichungulia. Mmoja tu. Basi.

"Ingiza," Mama akasema, "kama mwizi mwenye adabu."

Ndani kulikuwa na joto ambalo sikuwa nimelionja
tangu kabla ya theluji.
Msuli ulinibana hadi vidole vikafa ganzi,
ukaniachia, ukanibana tena.
Kusubiri hakufundishwi.
Unabanwa tu, ukajua.

"Umeshika nini?"
"Mguu."
"Wa mbele au wa nyuma?"
"Sijui."
"Ukunje. Viungo viwili vikikunjika upande mmoja, ni wa mbele.
Vikipingana kama mawifi, wa nyuma."

Upande mmoja. Wa mbele.
Nikaufuata hadi begani, nikakitafuta kichwa,
nikapata mguu mwingine,
na huo ukapingana.
Walikuwa wawili, wamekwama mlangoni,
kila mmoja akimwambia mwenzake, nipishe.

"Mrudishe mmoja."
"Yupi?"
Mama akanyamaza. Upepo ukalipiga hema la sufu,
bomba la jiko likalia.
"Aliye mbali na mkono wako."

Nikamrudisha.
Tangu hapo nimerudisha vitu vingi gizani kwa kidole gumba.
Yeye ndiye wa kwanza.

Mwenzake alitoka pua, ulimi, ute, kisha wote kwa mkupuo,
jike. Mama akamchomeka unyasi puani,
akapiga chafya, na kwa chafya hiyo akaishi.
Niliyemrudisha alitangulia kwa miguu ya nyuma,
dume, kamili wa umbo, ana hadi kope,
na unyasi haukumwambia neno.
Nilimshika miguu nikamzungusha hewani
mpaka mabega yakaniwaka.
"Inatosha, Nomundari," Mama akasema.

Yule wa kijivu hakuisoma hesabu yetu.
Aliwalamba wote wawili, huyu, kisha yule,
akiwaita kwa mlio mmoja wa chinichini,
na alipofika kwa aliyekufa
ulimi haukupunguza kazi.
Sisi ndio tuliomwondoa, baadaye,
alipogeuka kunywa maji.

Dang'a ilikuwa nzito, ya rangi ya siagi.
Nilimkamulia jike matone matatu ulimini,
akanitazama kana kwamba ninamdai.

Kisha nikatoka kumwaga maji ya damu.
Vumbi lilikuwa limelala.
Kusini, mbali, mstari wa madoa ulikuwa ukisogea,
huenda farasi, huenda macho yangu tu.
Damu ilinikauka hadi kiwiko.
Vidole vilikuwa vifupi, vigeni,
kama vya mtu niliyeazima mikono yake
na sijui nimrudishie wapi.

"Kumekucha?" Mama akauliza kutoka ndani.

Nikavitazama tena.
"Ndiyo," nikasema. "Kumekucha."